Kadi ya Swali Moja

Ipo nchi moja, jina lake ninalo lakini nimeliweka, ambayo watu wake ni wapole kupita kiasi. Ukimkanyaga mtu wa huko, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuuacha mguu wake njiani. Katika nchi hiyo kila mwandishi wa habari hupewa swali moja. Si moja kwa siku. Moja kwa maisha yake yote.

Wageni hushangaa wakisikia hivyo, lakini utaratibu huo ulikuwa na sababu nzuri. Zamani, nchi ilipokuwa changa, waandishi walimuuliza kiongozi wao, Baba wa Kwanza, maswali kumi na sita kwa asubuhi moja, naye akaumwa kichwa siku tatu. Madaktari walipima, wakakubaliana kwamba ugonjwa ni maswali. Ndipo ikaundwa Wizara ya Majibu, ikajengewa jumba la ghorofa tisa, na kazi yake ikawa kuandaa majibu mapema ili watu wasipate taabu ya kuuliza.

Serikali ile haikuwa katili. Haikuyafuta maswali kabisa. Ilimpa kila mwandishi kadi ya kijani yenye jina lake, picha yake na kijisanduku kimoja kitupu. Siku akitaka kuuliza, anainua kadi, Afisa Mtobozi anakuja na koleo lake, mfano wa lile la mkagua tiketi za treni, anatoboa kijisanduku, na mtu anauliza. Swali likishatobolewa, sharti lijibiwe kabla kikao hakijafungwa. Na ili wakubwa wasiaibike, sheria iliongeza kwamba mkubwa asiyejua jibu atamkabidhi swali aliye chini yake.

Wengi walimaliza ya kwao mapema. Bi Leokadia wa redio aligonga kipaza sauti siku yake ya kwanza kazini, akasema, "Inasikika?" Akatobolewa hapo hapo, kisha akajibiwa kwa dakika arobaini kuhusu jitihada za serikali katika kusikika. Bwana mmoja tumbo lilimchafuka kikaoni, akauliza choo kiko upande gani. Waziri alipofika kwenye idadi ya vyoo vilivyojengwa tangu uhuru, yule bwana alikuwa hahitaji tena kuelekezwa.

Gervasi Ngoli wa gazeti la Sauti Njema alikuwa hajatumia lake.

Alipewa kadi akiwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, suruali imemzidi kiuno. Sasa alikuwa na sitini na mitano, na kadi ilikuwa bado nzima, imelegea tu pembeni kwa jasho la mfuko wa shati. Miaka arobaini na moja alikaa safu ya pili katika Ukumbi wa Majibu, akaandika maneno ya Baba wa Pili, wa Tatu na wa Nne kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Aliandika kwamba mvua imenyesha kwa busara ya viongozi. Mwaka ilipokosa kunyesha, aliandika kwamba jua limewaka kwa busara hiyo hiyo.

Kulitunza swali hakukuwa kazi ndogo. Sheria ilisema swali ni swali, na Afisa Mtobozi angeweza kukusikia popote. Kwa hiyo Gervasi alijizoeza kutouliza kitu chochote, hata nyumbani, hata sokoni. Akitaka kujua wakati alisema, "Nadhani ni saa nne," akangoja mtu amsahihishe. Akiingia dukani alisema, "Huenda mna chumvi." Ujanani alimpenda mwalimu mmoja aitwaye Skolastika, mcheshi, mwenye mwanya, akamsindikiza baada ya misa Jumapili nane mfululizo. Ile ya nane alijikaza akasema, "Nadhani ungependa kuolewa na mimi."

"Ukiniuliza, nitakujibu," akasema Skolastika.

Alisimama akingoja hata jua likampiga utosini. Gervasi alitazama viatu vyake. Mwaka uliofuata Skolastika aliolewa na fundi cherehani aliyekuwa na maswali mengi, wakaishi vizuri.

Wakati huo hata yeye Gervasi hakujua swali analiwekea nini. Alikuwa analiweka tu, kama mtu anavyoweka shati jipya kabatini akingoja siku ya kulivaa. Alikuja kujua akiwa na miaka thelathini na moja, siku walipomwita Idrisa.

Idrisa Chonde alikuwa mpiga picha wa gazeti hilo hilo, na rafiki pekee ambaye Gervasi alipata kuwa naye. Kadi yake aliimaliza wiki ya kwanza: alimuuliza Baba wa Pili kama angeweza kusogea kushoto kidogo, kwa ajili ya mwanga. Baba wa Pili akasogea. Maisha yake yote Idrisa alijisifu kwamba katika nchi ile ni yeye peke yake aliyewahi kumsogeza kiongozi.

Kwa kuwa hakuwa na kadi ya kuogopea, Idrisa aliuliza kila mtu kila kitu, na nusu ya maswali yale aliuliza kwa niaba ya mwenzake. Waliingia dukani pamoja, na kabla Gervasi hajafungua mdomo, Idrisa alishasema, "Mama, chumvi ipo? Huyu ndugu yangu anadhani ipo." Wakicheka pamoja barabarani, watu waligeuka kuwaangalia.

Siku moja Baba wa Pili alikuwa anasoma hotuba ya muda wa saa tatu kuhusu faida za kuwa macho, na katikati ya ukurasa wa sabini akasinzia. Hotuba haikusimama, aliizoea, ikaendelea kutoka yenyewe. Ukumbi mzima uliinamisha macho kwa adabu. Kamera ya Idrisa ikalia mara moja, sauti ndogo, kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti.

Wakati wa chai walikuja mabwana wawili waliovaa suti za kijivu, wapole sana.

"Bwana Chonde, unaitwa huku nyuma kidogo."

Idrisa alimpa Gervasi kikombe chake. "Nishikie," akasema. Kisha, akiwa ameshapiga hatua mbili, akageuka na kutabasamu. "Nikichelewa, niulizie."

Gervasi alikishika kile kikombe mpaka kikapoa, mpaka ukumbi ukafagiliwa.

*

Kikao kilichofuata alitia mkono mfukoni, akaigusa kadi. Lakini siku hiyo Baba wa Pili alikuwa na mafua, na si uungwana kumuuliza mgonjwa. Kikao cha pili yake kilikuwa cha sikukuu. Halafu Baba wa Pili akafariki, nchi ikawa msibani, na nani huuliza msibani. Baba wa Tatu alikuwa mgeni, akastahili kuachwa azoee kiti. Alipozoea, ikawa jubilei. Kila mara ilikuwapo sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri.

Kweli yenyewe ni kwamba Gervasi aliogopa. Nisimseme vibaya kwa hilo. Mwoga ni mtu kama wengine, ila anangoja zaidi yao.

Alikaa miaka thelathini na minne karibu na kiti kitupu cha Idrisa. Kila kikao aliweka kofia yake pale, na mtu akitaka kukaa alisema, "Nadhani kina mwenyewe." Jioni alirudi kwenye chumba chake, akawasha redio, akasikiliza maneno aliyoyaandika mwenyewe asubuhi. Alipika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria ya watu wawili, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mara nyingine alikaa wiki nzima bila kusema zaidi ya "asante" na "nadhani", kwa sababu watu huchoka kuzungumza na mtu asiyewauliza hata wameamkaje.

Mjini alikuwa maarufu. Wazee wa kahawa walibishana kuhusu swali lake: wengine walisema ni la mafuta, wengine la mpaka wa kaskazini. Walimu waliwaonyesha wanafunzi, "Yule ndiye mzee mwenye swali." Naye alipita akiwaza lile lile, fupi kuliko yote waliyomdhania. Idrisa yuko wapi?

Ukumbini palikuwa na mtu mmoja ambaye naye alikuwapo miaka yote hiyo. Bi Mwantumu, mhudumu wa chai, mwanamke mfupi mwenye miguu inayovimba, aliingia na sinia lake kila saa nne na nusu. Kila mwandishi alimwekea kikombe kimoja. Kwa Gervasi aliweka viwili: kimoja mbele yake, kimoja mbele ya kofia.

"Karibu chai, Bwana Gervasi."

"Asante, Bi Mwantumu."

Hayo ndiyo maneno yao kwa miaka thelathini na minne. Mama yule hakuondoka mara moja. Alisimama kidogo, sinia limeegemea tumbo, kama aliyesahau kitu, kisha akaenda zake. Gervasi aliona ni miguu inamuuma. Kile kikombe cha pili aliona ni mazoea tu ya mtu mwema, akamshukuru moyoni, na hakusema neno.

*

Ijumaa aliyotakiwa kustaafu ikafika. Kadi ingekufa kikao kitakapofungwa, saa sita kamili.

Asubuhi jirani yake, Mama Siwema, alibisha hodi akiwa na pasi ya mkaa mkononi.

"Vua shati hilo, Mzee Gervasi. Huwezi kwenda kuuliza swali la maisha na kola iliyokunjamana."

"Nadhani ni saa mbili," akasema Gervasi, akivua.

"Ni saa mbili na robo. Na nadhani hujanywa chai, na nadhani hukulala. Umeona? Hata mimi umeniambukiza." Alipiga pasi taratibu, akipuliza jivu lisianguke kwenye kitambaa cheupe. "Miaka kumi na tisa tunaishi ukuta mmoja, hujaniuliza hata jina la mume wangu. Marehemu alifikiri umemchukia."

Gervasi alinyoosha mikono. Mama Siwema akamvisha shati likiwa bado na joto, akamfunga kifungo cha juu kama anavyofungwa mtoto wa shule.

"Nenda," akasema. "Yeyote unayemuulizia, Mungu akupe jibu."

Hakuwahi kumwambia kwamba ni mtu anayemuulizia. Alitembea hadi ukumbini akilifikiria hilo.

Mlangoni alimkuta Waziri wa Majibu, Mheshimiwa Fulgensi Bwatika, akimngojea kwa mikono miwili.

"Mzee wetu, hazina yetu. Wizara imekuheshimu kwa namna ya pekee. Tumekuandalia jibu la kurasa kumi na mbili, lenye mashairi ndani yake. Kimebaki kitu kidogo tu, swali lake."

"Nadhani swali hilo mnalo."

"Tunalo. Utasema, 'Mheshimiwa, siri ya busara yako ni nini?' Umwangalie usoni, upumzike baada ya neno 'siri'."

"Nadhani nina la kwangu."

Waziri alishusha sauti. "La kwako, mzee wangu, halijaandaliwa jibu."

"Ndiyo maana nikalitunza," akasema Gervasi, akaenda kwenye safu ya pili, akaweka kofia kwenye kiti.

Baba wa Nne alisoma majibu yake. Saa nne na nusu Bi Mwantumu akapita na chai, vikombe viwili. Saa tano. Saa tano na nusu. Gervasi alihesabu sababu zilizokuwapo siku hiyo: Baba wa Nne alionekana amechoka, joto lilikuwa kali, na kuharibu siku ya kuagwa si adabu. Zilikuwa sababu nzuri kama nyingine zote. Saa sita kasoro dakika kumi aliona mkono wake uko juu, na kadi imo mkononi.

Ukumbi mzima uligeuka. Afisa Mtobozi alikuja mbio, lakini koleo lilikuwa limeshika kutu, maana hakuna aliyeuliza kitu kwa miaka sita. Ikabidi waende kuomba mafuta ya kupikia jikoni. Dakika tatu zikapotea kwenye kupaka. Hatimaye kadi ikatobolewa, na kipande cha kijani, kidogo kama punje ya mtama, kikaanguka sakafuni.

"Idrisa Chonde yuko wapi," akasema Gervasi.

Sauti yake haikujua kupanda mwishoni, kwa vile haikuwahi kufanya kazi hiyo. Ilishuka kama taarifa. Ikabidi Afisa Mtobozi athibitishe kwamba ni swali.

Baba wa Nne hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kwa dhati. "Idrisa Chonde," akasema, "ni mradi au ni mtu?" Kisha, kwa kuwa hakujua, akamkabidhi Waziri. Waziri alipekua kurasa zake kumi na mbili, zote, na mashairi, akamkabidhi Katibu Mkuu. Katibu Mkuu alisema suala hilo ni mtambuka, akamkabidhi Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anakaimu tu, akamkabidhi Mkuu wa Kitengo. Mkuu wa Kitengo akamtazama Afisa Mtobozi, ambaye alikuwa bado anafuta mafuta mikononi, naye akamkabidhi mlinzi wa mlangoni. Saa sita kasoro dakika mbili. Mlinzi akatazama chini yake, akaona sakafu. Akatazama pembeni, akamwona Bi Mwantumu na sinia lake.

"Naulizwa mimi?" akasema Bi Mwantumu.

"Unaulizwa wewe, mama," akasema mlinzi kwa upole.

Bi Mwantumu alitazama kama kuna mtu chini yake. Hapakuwa na mtu. Akaliweka sinia mezani, akajifuta mikono kwenye khanga.

"Waliwahi kumweka hapo nyuma," akasema. "Kwenye stoo ya jikoni, juu ya magunia ya sukari. Siku nne. Nilimpelekea chai. Ule ukuta mwembamba, makofi yote ya ukumbini yalimfikia. Kila kikao kikiisha ananiuliza, 'Gervasi ameuliza?' Namwambia bado. Anasema, 'Mwache, anachagua maneno. Ataniulizia kesho.'"

Bi Mwantumu akaegemea meza kupumzisha miguu.

"Siku ya tano wakamhamishia Mtunguru, kwenye njia panda ya reli, saa tatu kwa treni. Wakamwambia asikanyage mjini wala asiandike barua. Akafungua chumba cha picha, za pasipoti na za harusi. Dada yangu ameolewa huko. Kila akija kunitembelea anakuja na neno la Idrisa: 'Ameuliza?' Nami namrudishia lile lile, bado." Akaweka sawa pindo la khanga. "Mwaka juzi, wakati wa masika, kifua kilimbana. Tulimzika Alhamisi. Watu walikuwa wengi. Basi ndipo alipo."

Kwa sheria kila jibu hupigiwa makofi dakika tatu. Wakapiga. Bi Leokadia wa redio alikuwa anapiga huku anafuta macho, jambo ambalo ni gumu kwa mtu mwenye mikono miwili. Baba wa Nne akaeleza furaha yake kwamba swali limejibiwa na ngazi husika, na kikao kikafungwa saa sita na dakika tano. Kuchelewa huko kulisamehewa.

Kesho yake Sauti Njema liliandika: Mwandishi mkongwe astaafu kwa shangwe, chai yasifiwa. Wiki iliyofuata Wizara iligundua mahali mfumo ulipovuja. Ikamwajiri mtu wa kukaa chini ya Bi Mwantumu, na mwingine wa kukaa chini ya huyo, ili swali lisipate tena pa kukomea.

*

Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Mchana ule ule, ukumbi ulipokuwa mtupu, Gervasi alichukua vikombe vyake viwili akavipeleka jikoni mwenyewe. Hakuwahi kuingia huko. Aliuona mlango wa stoo, mdogo, umepakwa rangi ya samawati. Alisimama mbele yake kwa muda, kisha akaweka kiganja juu ya ubao.

Bi Mwantumu alikuwa ameketi kwenye kibao, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ungeniambia," akasema Gervasi. Hakusema kwa hasira.

"Sisi wahudumu hatusemi mpaka tuulizwe. Imebandikwa hapo mlangoni. Na wewe ulikuwa huulizi." Alivitazama vile vikombe. "Nikaona nikuwekee cha pili. Nikasema, mtu mzima atachoka kuona kikombe kisicho na mnywaji. Siku moja atauliza, hiki cha nani. Ningekuwa nimekwambia siku hiyo hiyo, na treni ya saa nane ungeiwahi."

Gervasi alikaa juu ya kreti la soda. Nje mtu alikuwa anafagia. Kadi aliyokuwa bado ameishika ilipitisha mwanga kwenye tundu lake.

"Alikuwa bado anawasogeza watu?" akauliza. Sauti yake safari hii ilipanda, kwa mkwaruzo.

"Mpaka aligombana na bibi harusi mmoja. Kushoto, kushoto, mama wa watu akaingia mferejini."

Wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"Alinikasirikia?"

Bi Mwantumu hakuharakisha. "Mwanzoni, hapana. Katikati, ndiyo, sana. Miaka ya mwisho aliacha kuuliza kama umeuliza. Akawa anauliza tu kama unakula."

Gervasi aliinama. Mama yule akasogeza ndoo, akaiweka birika mkaani, akawa anapanga sahani ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, apate mahali pa kutazama. Yalipochemka maji Gervasi alikuwa amejifuta uso kwa kile kitambaa cha sinia.

Akamwangalia. Miaka yote ile alikuwa amemwona ameshika vikombe vya watu, na hakuwahi kumwona amekipeleka kimoja mdomoni.

"Na wewe, Bi Mwantumu," akasema, "chai umekunywa?"

Bi Mwantumu aligeuka kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.

"Bado," akasema.

Gervasi akainuka, akasuuza kikombe cha pili, akammiminia. Hakujua huweka vijiko vingapi vya sukari. Akamuuliza.